Tuisheni ya sheria ya ushahidi ya Jumamosi hapa Dodoma: hela yangu sijutii, ila noti zao waziangalie

Wale mnaonitumia meseji kuuliza kuhusu ile tuisheni ya sheria ya ushahidi inayofundishwa Jumamosi kule Area C, jibu fupi ni nendeni tu, jibu refu ndo hili na naomba mlisome lote kabla hamjaenda kulipia. Jina la kituo silitaji, kuna sehemu ntawasema na sitaki kuharibia watu riziki, ila ukiulizia kwa wanafunzi wa sheria pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, watakuelekeza mpaka mlangoni.

Muelewe kwanza kwamba hii sio tuisheni ya kukuandaa na mitihani ya Law School. Hawa wanafundisha ushahidi wa Uingereza, maana wateja wao wa mwanzo walikuwa wale wanaosoma digrii ya sheria ya Uingereza kwa masafa huku wako kazini, wengi watumishi waliohamia Dodoma na wizara zao. Siku hizi wanaingia mpaka wa vyuo vya hapa hapa kwa sababu kesi za Uingereza bado zinatajwa kwenye hukumu zetu, na mhadhiri akikuuliza kesi ya Kuruma ukabaki unakodoa macho unajijua mwenyewe. Mimi nilichukua kipande kimoja tu, kile cha ushahidi uliopatikana isivyo haki, lini mahakama inaukataa na lini inaupokea. Elfu themanini kwa kipande chote, unaruhusiwa kulipa nusu nusu, noti elfu tano pembeni. Kwa Dodoma ya sasa hivi ambapo kodi ya chumba imepanda hivi sio hela ya kutisha.

Mazingira niyamalize haraka. Ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, feni moja, viti vya plastiki, ubao mweupe na projekta ambayo umeme ukikatika inabaki pambo. Madirisha yanaangalia barabara ya vumbi, na mnaujua upepo wa Dodoma ukianza mwezi wa saba, funga dirisha ufe na joto la watu thelathini au fungua uandike juu ya mchanga. Hamna chai. Chini kuna mama anauza maandazi na chai ya tangawizi, yeye ndo kantini yenu.

Sasa mwalimu. Ni wakili, mama wa makamo, darasa zima linamwita Madam, haleti mbwembwe na hasomi slaidi. Siku ya kwanza hata jina lake hajasema akauliza, polisi wamevunja mlango wa mtu bila hati ya upekuzi, wamekuta bangi chini ya godoro, je hiyo bangi iingie mahakamani au isiingie? Darasa likagawanyika papo hapo. Nusu, hasa vijana, wakasema isiingie, imepatikana kwa kuvunja sheria, kesi imekufa. Akawauliza hiyo wameitoa wapi, kumbe ni muvi za Marekani. Akasema hewala, Marekani ina kanuni yake ya kuutupa ushahidi wa namna hiyo, Mahakama ya Juu ya kule iliilazimisha kwa majimbo yote mwaka 1961 kwenye kesi ya Mapp, lakini Uingereza haijawahi kwenda huko, na mtu akiandika jibu la Mapp kwenye mtihani wa Uingereza anarudi mwakani.

Kwa mimi hapo tu nilishaona hela yangu inafanya kazi, kwa sababu hili ndilo kosa ambalo watu wengi wanalo kichwani, mpaka mitaani, mpaka kwenye vijiwe vya kahawa. Mtu anaamini polisi wakikosea utaratibu basi yuko huru. Na Madam kozi nzima alikuwa anabomoa hicho kitu kidogo kidogo bila kukuacha uamini kinyume chake, kwamba basi polisi wafanye wanavyotaka.

Alianzia zamani. Mwaka 1861 kwenye kesi ya Leatham jaji Crompton alisema haijalishi umeupataje, hata kama umeuiba ushahidi utapokelewa. Halafu akaja Kuruma, na hapa alitumia muda mrefu na alikuwa na haki, kwa sababu hii kesi inayosomwa London na kila mahali ni ya jirani zetu hapa Kenya. Enzi za hali ya hatari, wakati wa Mau Mau, Kuruma bin Kaniu yuko kwenye baiskeli anasimamishwa na polisi, anapekuliwa, wanasema wamemkuta na risasi mbili. Kanuni za wakati ule zilisema anayeruhusiwa kumsimamisha mtu na kumpekua namna ile ni askari kuanzia cheo cha inspekta msaidizi, na waliompekua hawakufika hapo. Kosa lenyewe adhabu yake kifo. Rufaa ikaenda mpaka Baraza la Faragha kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, na mwaka 1955 Lord Goddard akasema kipimo ni kimoja, ushahidi unahusiana na jambo linalobishaniwa au hauhusiani, kama unahusiana unapokelewa na mahakama haishughuliki na namna ulivyopatikana. Akaacha kijimlango kidogo kwamba kwenye kesi ya jinai jaji ana hiari ya kuukataa kama kanuni ngumu zitamuumiza mshtakiwa isivyo haki. Kijimlango hicho kwa Kuruma hakikufunguka.

Kuna dada mmoja msaidizi wa kisheria kutoka Mpwapwa aliuliza swali zuri sana, kwamba hiyo hiari ya jaji ilikuwa inatumika lini basi kama mtu wa baiskeli na risasi mbili hakuipata. Madam akacheka akasema mwanangu ndo swali ambalo majaji wenyewe waliulizana miaka ishirini na kitu. Akatupa kesi ya sandwichi, Jeffrey na Black, jamaa kakamatwa kwa kuiba sandwichi baa, polisi wakaenda kupekua chumba chake ambacho hakina uhusiano wowote na sandwichi, wakakuta bangi, mahakimu wakaikataa, upande wa mashtaka ukakata rufaa na wakubwa wakasema mlikosea kuikataa. Halafu Sang, 1979, jamaa wa noti bandia za dola aliyedai kwamba ametegwa na mtu wa polisi, na mabwana wa House of Lords, bunge la juu lililokuwa pia mahakama ya mwisho wakati ule, wakalifunga lile lango karibu lote, wakasema jaji hana hiari ya kuukataa ushahidi eti kwa sababu tu umepatikana vibaya, isipokuwa yale ya mtu kukiri na yanayofanana nayo, au pale ambapo madhara yake kwa mshtakiwa yanazidi uzito wake kama ushahidi.

Baada ya hapo ndo unaielewa PACE, yani Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya 1984, kwa nini ililetwa. Wengi tunakariri vifungu bila kujua kulikuwa na nini nyuma. Kulikuwa na mauaji ya Maxwell Confait mwaka 1972 London, vijana watatu wakatiwa hatiani kwa maelezo yao wenyewe waliyotoa polisi, na baadae yakaonekana maelezo yale hayasimami, wakaachiwa. Ikaundwa tume, ripoti yake ikatoka 1981, bunge likabishana, Lord Scarman akaleta pendekezo lake kwenye House of Lords la kuwabana polisi zaidi, serikali haikulitaka lakini ikajikuta imeleta la kwake, na hilo la kwake ndo kifungu cha 78. Yani kifungu kinachokaririwa na kila mwanafunzi ni matokeo ya mvutano wa wanasiasa, ndo maana kimeandikwa kwa maneno mapana hivyo. Kinasema mahakama inaweza kukataa ushahidi wa upande wa mashtaka ikiona kwamba, kwa kuzingatia mazingira yote pamoja na namna ulivyopatikana, kuupokea kutaathiri haki ya uendeshaji wa kesi kiasi kwamba haupaswi kupokelewa.

Na hapa ndo Madam ana kipaji, hakutuachia tukariri. Alitugeuza kuwa mahakama.

Kwenye darasa letu kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa polisi, sisi tulimwita Afande, anasoma sheria uzeeni na anasoma kwa bidii kutushinda vijana. Siku ya kesi ya Mason Madam kachukua chupa tupu ya soda iliyokuwa mezani kaisukuma mbele ya Afande. Akasema Afande wewe ndo mpelelezi, gari la mtu limechomwa moto, una mshukiwa, huna ushahidi wowote, huyu kijana ndo mshukiwa na huyu kaka wa tai ndo wakili wake, haya fanya kazi. Afande hata hakufikiri. Kaishika chupa shingoni kamwambia kijana, "Usinipotezee muda mdogo wangu, alama za vidole vyako tumezikuta kwenye kipande cha chupa kama hii, zungumza." Yule wakili wa tai kamwinamia mteja wake, kamnong'oneza, kamwambia aeleze tu alivyohusika maana wameshamshika. Kijana kakiri. Afande kacheka kaegemea kiti, kesi imekwisha.

"Afande, hizo alama za vidole ziko wapi?"

"Hamna Madam, nimemtisha tu."

"Wakili, ulimshauri mteja kwa kutegemea nini?"

"Alama za vidole Madam."

"Ambazo?"

Darasa zima, hamnaaa.

Afande akapandisha sauti kidogo, kwa heshima lakini. "Samahani Madam, mimi nimefanya hii kazi, kama kijana amefanya kweli na amekiri kwa mdomo wake hajapigwa hata kofi, mnamwachia kwa lipi?" Madam akamjibu kwamba kama amefanya au hajafanya hilo ni swali la juri, wale raia kumi na wawili, wao watalijibu mwisho. Swali la jaji kwenye 78 ni jingine, je nikiliingiza hili kesi itaendeshwa kwa haki? Na kwenye Mason ya mwaka 1987 kilichowakera majaji wa rufaa sio tu kwamba mshukiwa alidanganywa, ni kwamba wakili wake alidanganywa, mtu ambaye kazi yake yote ni kumshauri kwa ukweli uliopo. Ungamo likatupwa, hukumu ya kutiwa hatiani ikafutwa. Afande hakukubali mpaka leo nadhani, na darasa lilikuwa tamu kwa sababu hakukubali, maana kila kesi mpya alikuwa anasimama upande wa polisi na sisi tunalazimika kutafuta hoja ya maana ya kumjibu badala ya kusema tu "haki za binadamu".

Wiki nyingine akaweka kesi mbili pamoja, Samuel na Alladice, zote za miaka ile ya 1987 na 1988, zote wizi wa kutumia nguvu, zote mshukiwa kanyimwa wakili kinyume na kifungu cha 58 cha PACE. Samuel rufaa yake ikakubaliwa, Alladice ikagonga mwamba. Darasa likawaka, mbona sheria ile ile kosa lile lile? Kumbe Alladice alipopanda kizimbani mwenyewe alisema haki zake alikuwa anazijua na mahojiano alikuwa anayamudu, kwa hiyo majaji wakasema wakili angekuwepo asingebadilisha kitu, wakati Samuel wakili wake angekuwepo karibu hakika angemshauri asijibu yale maswali. Yani kosa la polisi lenyewe halitoshi, unauliza kosa limemfanyia nini huyu mtu kwenye kesi yake. Na kwenye Walsh wakaongeza kwamba polisi kuwa na nia njema hakusafishi kosa kubwa, ila nia mbaya inaweza kulifanya kosa dogo liwe kubwa. Hayo mawili ukiyaelewa maswali mengi ya mtihani yanakuwa mepesi, na nadhani hata ya kazini.

Akina mama wa darasa walichemka siku ya kesi ya Fulling. Huyo dada yuko mahabusu, kwa madai yake askari akamwambia yule mpenzi wako unayemkingia kifua ana mwanamke mwingine na mwanamke mwenyewe yuko selo ya jirani hapo, moyo ukavunjika, akatoa maelezo ili tu atoke mle ndani. Mahakama mwaka 1987 ikasema hata kama ndivyo ilivyokuwa, huo sio ukandamizaji wa kifungu cha 76. Dada mmoja anafanya kazi wizarani akasema wazi kwamba majaji wote hao walikuwa wanaume. Madam akaacha watu waseme mpaka wakachoka ndo akarudisha mada, kwamba 76 ni kifungu kigumu kuliko 78, kile ni cha maungamo tu, utetezi ukidai mtu ameteswa au ametishwa, au kuna kilichosemwa au kufanywa ambacho kinaweza kufanya maungamo yasiaminike, basi upande wa mashtaka ndo unabeba mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka kwamba sivyo, wakishindwa jaji hana hiari, anatupa. Hata kama ungamo ni la kweli. 78 jaji anapima, 76 anaamriwa. Ila akasema kitu ambacho wengi walikuwa hawakijui, kwamba ungamo likitupwa chini ya 76, kitu kilichopatikana kwa kulifuata, tuseme kisu kimeonyeshwa kichakani, chenyewe hakitupwi kwa sababu hiyo.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni cha duka. Polisi wa London walifungua duka la vito Tottenham, wakaliita Stardust Jewellers, wauzaji wote askari wa siri, kazi ya duka kununua mali za wizi. Kuna kamera, kuna rekoda, wateja wanaleta cheni na pete, wanapewa hela, wanasaini risiti. Wauzaji wanapiga stori na wateja kama wafanyabiashara, hii nisiiuze maeneo gani maana nisije nikakutana na mwenyewe. Madam kachora kaunta ubaoni akampanga kijana mmoja auze mkufu. Baadae kesi ikaitwa Christou, mwaka 1992, utetezi wakasema wateja wametegwa, hawakuonywa kwamba wanaongea na polisi. Rufaa ikasema hapana, walikuja wenyewe na mali zao, mtego walijiingiza kwa miguu yao. Lakini majaji wakaonya kwamba polisi wasijifiche ili wafanye mahojiano ambayo wangetakiwa kuyafanya kituoni kwa kanuni. Kijana wetu alipoulizwa kwenye igizo "mkufu huu umeutoa wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani" Madam akagonga meza, hapo sasa umeacha kuuza duka umeanza kuhoji. Mstari wenyewe ni mwembamba hivyo na sijawahi kuuona ukielezwa vizuri namna ile kwenye kitabu.

Akamalizia na Khan, jamaa aliyeenda nyumba ya mtu Sheffield akaongea mambo ya heroini bila kujua polisi wamebandika kinasa sauti ukutani kwa nje, bila ruhusa ya mwenye nyumba na bila sheria yoyote ya bunge iliyowaruhusu. House of Lords mwaka 1996 ikapokea. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2000 ikasema Uingereza imevunja haki yake ya faragha lakini kesi yenyewe iliendeshwa kwa haki. Afande siku hiyo alitabasamu mpaka tunaondoka.

Sasa malalamiko yangu, na ndo maana nawapa nyota nne kasoro sio tano.

Noti. Jamani noti. Elfu tano unapewa rundo la fotokopi za fotokopi, kurasa nyingine nusu nyeusi, mwaka wa kesi haupo, Looseley ya 2001 imeandikwa mistari miwili tu wakati ndo kesi inayokuambia kwamba mtu akitegwa na polisi mpaka akafanya kosa ambalo asingelifanya dawa yake siku hizi ni kuisimamisha kesi nzima, sio kugombania kipande cha ushahidi. Kesi ya A ya mwaka 2005, ile mabwana walisema ushahidi uliopatikana kwa mateso hauingii mahakama ya Uingereza hata kama aliyetesa ni mtu wa nchi nyingine, haimo kabisa kwenye noti, Madam aliitaja kwa mdomo dakika za mwisho watu wanabeba mabegi. Ofisi niliwaambia, dada wa mapokezi akasema "tutalifanyia kazi", mnajua maana yake.

La pili wanafundisha kana kwamba mahakama ya hakimu na ile ya jaji na juri ni kitu kimoja. Niliuliza, kesi nyingi za Uingereza zinaishia kwa mahakimu, pale hakimu ndo huyo huyo anasikiliza ubishi wa 78, anaona ungamo, analikataa, halafu anaamua hatia kama hajawahi kuliona. Inawezekanaje? Nikajibiwa kwamba ni weledi. Basi ni weledi, lakini darasa la elfu themanini lilistahili nusu saa ya hilo.

La tatu ndo kubwa. Kozi nzima tumekaa Dodoma, makao makuu ya Mahakama ya Tanzania yenyewe yako mji huu huu, na hakuna kipindi hata kimoja walichokaa wakaweka 78 mezani pamoja na kifungu chetu kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ile 169 tuliyoizoea ya sheria ya 1985. Wakati ukivisoma pamoja unapata mshangao. Kule wanaanza na ushahidi unaingia mpaka jaji ashawishike kuukataa. Kwetu, pingamizi likishawekwa kwamba ushahidi umepatikana kinyume cha sheria, kifungu kinasema mahakama isiupokee mpaka iridhike kwamba kuupokea kutanufaisha maslahi ya umma kwa namna mahsusi na kwa kiasi kikubwa bila kuumiza isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote, na anayetaka uingie ndo anabeba mzigo wa kuishawishi mahakama. Kwa maandishi yetu ni makali kuliko yao! Halafu vijana wanatoka pale wanaamini haki za mshtakiwa zinafundishwa London. Kweli kwa vitendo Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Nyerere Nyague ilishasema sio kila ukiukwaji wa ile sheria unautupa ushahidi moja kwa moja, kwa hiyo sheria zetu na zao ziko karibu kuliko maandishi yanavyoonyesha, lakini hilo ndo lilikuwa somo la kufundisha sasa. Mtu anayeshughulika na kesi za upekuzi Kongwa au Bahi, hati haikuwepo, risiti ya vitu vilivyochukuliwa haikutolewa, shahidi huru hayupo, huyo anahitaji mizani ya Samuel na Alladice iletwe nyumbani. Madam uwezo anao, nilimsikia akimjibu yule dada wa Mpwapwa koridoni kwa dakika kumi kuhusu hilo hilo na ilikuwa bora kuliko vipindi viwili vya darasani. Kwa nini iwe koridoni?

Sasa nani aende. Kama unasoma ile digrii ya masafa nenda hata kesho, hasa kama umeshawahi kula sapu kwenye ushahidi. Kama uko mwaka wa tatu hapa UDOM nenda ukiwa umeshasoma 169 mwenyewe, ukae nayo mkononi kila kesi wanayoitaja uilinganishe, mtanufaika mara mbili. Wasaidizi wa kisheria naona ni ghali kwa wanachopata mpaka waanze hicho kipindi cha sheria zetu, labda mwende wawili mchangie mmoja aingie awafundishe wengine, sijui kama wanaruhusu. Askari walio kazini ningetamani waende wengi, Afande alikuwa mmoja na alilibeba darasa.

Kujiandikisha unapiga simu ofisini au unaenda mwenyewe, mimi nashauri uende, maana simu wanapokea wanapojisikia. Malipo ni kwa simu na risiti wanatoa ukidai, dai. Noti usinunue, chukua majina ya kesi ubaoni ukatafute hukumu zenyewe, nyingi zipo bure mtandaoni na unasoma jaji mwenyewe anavyofikiri. Saa tatu asubuhi ya kwao ni saa tatu na nusu, ukiwahi utapata kiti cha upande wa ukutani mbali na dirisha.